Injinia Alikwenda Zambia na Ufunguo

Nitamwita Injinia, kwa kuwa ndivyo tulivyomwita sote, kuanzia mkewe mpaka wachimba mitaro. Jina lake analo, na watu wa Buzebazeba wakiyasoma haya watamjua, lakini mimi silitaji. Alizaliwa wapi na alisomeshwa na nani, muulizeni mwenyewe, anapenda sana kuulizwa. Mimi nasema niliyoyaona katika miaka niliyofanya kazi chini yake, na nitangulize kabisa kwamba nina hasira naye. Asije mtu akanikatiza katikati na kuniambia, "Mama Zuhura, mbona unamsema mzee wa watu?" Namsema kwa sababu namjua.

Tuanze na haki yake, nisije nikaonekana mchawi. Injinia alikuwa fundi. Bomba likipasuka chini ya barabara pale Rusimbi, wengine wangechimba siku mbili wakitafuta. Yeye alikuwa akija na bisibisi ndefu ya mpini wa mbao, anaweka ncha kwenye bomba na mpini sikioni, anafumba macho, anasogea hatua tano, anasikiliza tena. Kisha anasema, "Chimbeni hapa, kina cha goti." Unachimba, unakuta maji yanachuruzika. Sikuwahi kumwona akikosea. Mpaka leo bomba likipasuka mtaani kwetu watu wanasema laiti angekuwepo Injinia.

Na zile siku za mwanzo, wakimbizi wa Burundi walipokuwa wanashuka ufukweni kwa mamia, boti zimejaa mpaka ukingo, watu wamelala kwenye mchanga na wanakunywa ziwa lile lile wanalojisaidia, Injinia hakusubiri barua ya mtu. Aling'oa pampu ya bustani ya ofisi yao ya maji ya mjini, akaazima turubai la mfanyabiashara mmoja wa Ujiji, akachimba shimo, akatandika turubai, akatia maji, akatia dawa. Kabla ya adhuhuri watu walikuwa wanakunywa maji safi. Nilimwona kwa macho yangu akimbeba bibi mmoja mgongoni kutoka kwenye boti, bibi anamtapikia shati, na yeye anamsemesha taratibu kana kwamba ni mama yake mzazi. Siku ile ndiyo nilipomwomba kazi. Nilisema nafsini mwangu, huyu ndiye mtu wa kufanya naye kazi.

Akanipa. Wakimbizi walipohamishiwa kambini, bara huko kupita Kasulu, Injinia alichukuliwa na shirika la kuhudumia wakimbizi awe mkuu wa maji, nami akanifanya mpima maji. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka kwenye mabomba yote ya kambi na kisanduku kidogo. Unakinga maji kwenye kijichupa, unatia kidonge, unatikisa. Yakigeuka pinki, dawa imo, watu wanywe. Yakibaki meupe, dawa haimo, piga kelele. Ni kazi ndogo hiyo, lakini kambi nzima ilikuwa inaishi au inaugua kwa rangi ile.

Tabia zake sasa. Alikuwa anatangulia kusalimia. Hata mtoto wa chekechea, Injinia ndiye aliyekuwa anamsalimia kwanza, "Amahoro," kwa Kirundi chao. Kwenye vikao alikuwa anakalia ndoo iliyopinduliwa na wachimba mitaro wanakaa kwenye viti. Chai hanywi mpaka mfanyakazi wa mwisho apate kikombe. Wageni wa shirika wakija wanayaona hayo, wanaandika kwenye vidaftari vyao, wanatikisa vichwa. Na sisi tulikuwa tunajivuna, usifikiri. Tulikuwa tunawaambia wa idara nyingine, "Bosi wenu anakaa kwenye ndoo?"

Lakini nilikaa karibu naye, na ukikaa karibu na chungu unaona masizi. Kazi ikienda vizuri, Injinia alikuwa anasema, "Sisi tumefanya." Hapo tunafurahi, tunasema mtu huyu hana makuu. Kazi ikiharibika pia alikuwa anasema, "Sisi tumekosea." Na hapo ukitazama vizuri utaona anayeandikiwa onyo ni mchimba mtaro, au mlinzi, au mkimbizi fulani wa zamu. Yeye hayumo. Mara moja mota ya pampu iliungua kwa sababu yeye alikuwa amekataza isizimwe. Onyo lilikwenda kwa mlinzi wa nyumba ya pampu, maskini, mtu aliyekuwa hajui hata swichi inawashwaje. Injinia alimnunulia sukari kilo mbili, akampa pole. Na mlinzi akamshukuru, jamani.

Sifa zake zilifika mbali. Kulikuwa na shirika moja lililokuwa linawakusanya mafundi wakubwa wa maji, wa umeme na wa barabara kutoka nchi za jirani, watu wenye vyeti vyao, ili kuwafundisha uongozi. Walisema fundi anajua mashine ila hajui binadamu, siku anapopewa watu kumi wa kuwasimamia anawasimamia kama mabomba. Mgeni mmoja aliyekuwa amemwona Injinia ufukweni siku zile akampendekeza awe mkufunzi. Basi akaanza kusafiri. Sisi watu wa Ujiji tukisema ng'ambo tuna maana ya Kongo, ile milima unayoiona mvua ikishakatika. Ng'ambo ya Injinia ilikuwa ya pasi ya kusafiria na koti. Zambia, Malawi, Uganda, akarudi Zambia. Anaondoka na kopo la mawese na dagaa wakavu wa kuwapa wenyeji wake, anarudi na kalamu na mikoba ya kitambaa iliyoandikwa habari za uongozi. Alitugawia wote. Ungefika kambini kwetu siku ya mgao ungewakuta kina mama wamebeba unga na maharage kwenye mikoba inayosema kiongozi bora ni yule anayesikiliza.

Masomo yake alikuwa anayafanyia mazoezi kwetu. Ijumaa mchana, kazi ikipungua, tunakaa kivulini mwa tangi, yeye anasimama kwenye ndoo yake, anatufundisha kama vile sisi ndio hao mainjinia wa Lusaka. Na hapa lazima nimlete Gaspari.

Gaspari alikuwa mkimbizi, fundi umeme wa pampu, aliyefanya kazi ya maji Bujumbura miaka mingi kabla ya vita. Mtu mwembamba, mpole, anaongea polepole kama anayeogopa kulivunja neno. Alikuwa na mkewe, Esperansi, na binti mmoja. Ndugu zake wawili waliuawa kwenye mlima wa kwao, na waliowaua ndio wanaolala kwenye nyumba yao mpaka sasa, anawajua kwa majina. Kwa karatasi alikuwa kibarua wa posho. Kwa kazi alikuwa msaidizi wa Injinia, na Injinia akiwa safarini, Gaspari ndiye aliyekuwa mkuu wa maji wa kambi nzima. Mimi alikuwa ananiita dada. Nilikuwa nakula kwao kila Jumapili nisiporudi Rusimbi.

Kwenye mazoezi yale ya Ijumaa Gaspari alikuwa anapewa nafasi ya fundi mkaidi. Injinia anauliza, "Fundi wako ameunguza mota, utamwambiaje?" Gaspari anafikiri, anasema, "Ningemuuliza kwanza alichokiona, si alichokifanya. Mtu ukimuuliza alichokifanya atajitetea. Ukimuuliza alichokiona atakusaidia." Injinia anatoa daftari, anaandika. Safari inayofuata maneno hayo yanapanda meli. Nusu ya masomo ya Injinia yalitoka kwenye kinywa cha Gaspari, naapa. Gaspari alikuwa anajua, anacheka tu. "Ego, ndiyo, dada, yasafiri yenyewe, mimi sina pasi."

Sasa stoo ya dawa. Kuna wakati dawa ya maji ilikuwa inaibwa, watu wanaitaka ya kung'arishia mashuka. Injinia akaweka sheria yake. Kufuli moja kubwa lenye lakiri, muhuri wa nta wa ofisi, ufunguo mmoja wenye uzi mwekundu, na ufunguo unakabidhiwa mkono kwa mkono kwa saini. Na shirika nalo lilikuwa na sheria yake, kwamba mkimbizi hakabidhiwi ufunguo wa stoo. Kwa hiyo Gaspari anayeendesha maji ya watu maelfu hawezi kushika ufunguo. Injinia akisafiri, akipita Kasulu anausaini kwa bwana wa stoo wa ofisi yetu ya pale, naye anamtuma mtu wake nao kambini na gari kila asubuhi, afungue. Ndivyo ilivyokuwa safari zote.

Safari ile nilikuwa na ruhusa ya wiki mbili, mama yangu mgonjwa Rusimbi, nikapanda gari moja na Injinia. Tulichelewa kuondoka. Kasulu hatukusimama, dereva alipita moja kwa moja kwa kuwa meli haisubiri mtu. Tulipofika bandarini Kigoma, abiria wameshaanza kupanda. Injinia akatoa leso ajipanguse jasho, na ufunguo ukaanguka. Uzi wake mwekundu ukaonekana hapo sakafuni. Mimi niliuokota. Mimi, kwa mkono wangu huu. Nikamwambia, "Injinia, ufunguo wa stoo huu." Akashtuka, akacheka, akasema, "Loh, nitaurudisha na dereva." Nikampa. Watu wanasukumana, honi inalia, akautia kwenye mfuko wa ndani wa koti akapanda. Nilimwona dereva akigeuza gari. Nilifikiri ameshapewa. Au sikufikiri, nilikuwa nafikiria mama.

Yaliyotokea kambini nilisimuliwa na Gaspari. Siku ya kwanza matangi yalikuwa bado na dawa. Siku ya pili Gaspari alichukua kisanduku changu akapima, maji yakabaki meupe. Akapiga simu ya upepo Kasulu. Bwana wa stoo akasema ufunguo hajaupokea, na kufuli lina lakiri, asithubutu kuligusa mtu, asubiri kibali. Gaspari akasubiri. Siku ya tatu watoto wa mtaa wa chini wakaanza kuharisha. Hospitali ya kambi ikajaa mpaka nje. Wawili walizikwa. Siku ya nne, saa tatu asubuhi, Gaspari aliwaita wazee watatu wa kambi wasimame washuhudie, akachukua mtaimbo, akavunja kufuli. Akatoa makopo ya dawa, akatia kwenye matangi kipimo cha maradufu, akaandika kila kopo kwenye daftari, akawapa wale wazee wakaweka dole gumba. Jioni maji yakawa pinki. Hakuzikwa mtoto mwingine.

Kwenye nchi yenye akili mtu huyo angepewa ng'ombe. Kwetu iliundwa kamati.

Niliporudi, kamati ilikuwa imekaa chini ya turubai, maofisa watatu kutoka Kasulu, na Injinia ameshafika kutoka safari. Kwake yeye lilikuwa suala la neno moja tu, kusema, "Niliondoka nao." Hakulisema. Alisema, "Ufunguo niliuacha kwenye droo ya meza yangu." Kwa hiyo hesabu ikawa, kama ufunguo ulikuwa kwenye droo na sasa haupo, kuna aliyeuchukua, na aliyevunja kufuli alikuwa na lake jambo. Gaspari alisema droo aliipekua hakuona kitu. Wakamuuliza, una hakika uliipekua yote? Na yeye, kwa vile ni mtu mkweli mpaka anakera, akafikiri, akasema, "Nilikuwa na haraka. Labda sikutafuta vizuri."

Kisha wakaniita mimi. "Mama, ulisafiri naye mpaka Kigoma. Ufunguo uliuona?"

Injinia hakunikonyeza wala hakunitisha. Alinitazama tu kama mtu anayejua utasema nini. Nilikuwa na mama mgonjwa na watoto watatu ambao baba yao alipotelea Kalemie. Kazi alinipa yeye. Nikasema, "Sikuuona."

Basi. Nimelisema na hili, tuendelee. Mkosaji hapa ni Injinia.

Gaspari aliondolewa kazini. Kwenye faili lake likaandikwa, alivunja stoo. Akaanzisha meza ya kutengeneza redio sokoni kambini. Miaka sita alikaa pale, na Jumapili bado nilikuwa naenda, napeleka dagaa na chumvi, na Esperansi anaweka ugali, na mara nyingine katikati ya chakula Gaspari anaacha kula. "Ile droo, dada. Ilikuwa na karatasi nyingi chini. Labda ulikuwa chini ya karatasi." Na mimi, Mungu anisamehe, namwambia, "Achana nayo, yameshapita."

Hayakuwa yamepita. Ilifika zamu yao ya kuhojiwa kwa ajili ya kupelekwa nchi za mbali, na faili likafunguliwa, na likaonekana neno lile, na mahojiano yakaishia hapo. Na wakati ule kambi zilikuwa zinafungwa moja moja. Asiyepelekwa mbali anapandishwa lori kurudi kwao. Kwa Gaspari kwao ni mlima ule, na majirani wale.

Sasa sikilizeni kilichonipandisha wazimu. Shirika lilimleta fundi wa Zambia kufunga pampu mpya, mtu wa Mpulungu, Kiswahili chake cha bandarini. Aliposikia mkuu wetu wa zamani alikuwa nani, uso ukamng'aa. "Huyu ni mwalimu wangu. Alitufundisha uongozi. Ile hadithi yake ya ufunguo, mama, watu wazima tulilia." Nikamwambia anisimulie. Akasimulia kwamba siku ya mwisho ya mafunzo Injinia husimama mbele ya mainjinia, anatoa ufunguo mfukoni, una uzi mwekundu, anauweka mezani. Anasema, "Nilisafiri na ufunguo huu. Kosa ni langu peke yangu. Watoto waliharisha, wawili walikufa. Kuna mtu wangu alivunja kufuli akaokoa wengine. Siku ile kiongozi alikuwa yeye, si mimi." Na ukumbi mzima unasimama unapiga makofi.

Nilisimama pale nyumba ya pampu. Kumbe neno la mimi nimekosea analijua. Kumbe linamtoka vizuri tu, tena kwa Kiingereza, mbele za watu wenye suti. Miaka sita mtu anajipekua akili akitafuta kitu ndani ya droo, na kitu hicho kinazunguka Afrika kwenye mfuko wa koti kinapigiwa makofi. Mganga hajigangi, sawa, lakini huyu alikuwa na dawa na aliuza nje tu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Gaspari nikamwambia. Hakutukana. Akauliza, "Kwa hiyo droo haikuwa na kitu?" Nikamwambia haikuwa na kitu. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

Tukaenda ofisini wote wawili. Ofisa, msichana wa watu, alitusikiliza vizuri. Akasema maneno ya fundi wa Zambia ni ya kusimuliwa, hayafungui faili. Anachohitaji ni barua ya mwenye dhamana ya stoo, au ya shahidi aliyeuona ufunguo kwa macho yake, na aipate kabla ya mwisho wa mwezi. Nikadakia haraka, "Mwenye dhamana namjua. Barua nitaileta." Gaspari akanishika mkono akinishukuru. "Murakoze, dada."

Jumapili ile sikula kwao. Nilipanda gari mpaka Mwandiga, nikabadilisha, nikashuka mjini, nikaenda Buzebazeba na karatasi nne na kalamu mbili ndani ya kanga.

Injinia alikuwa ameshastaafu ukuu wa maji, lakini kufundisha hakuacha. Nilimkuta ukumbini kwake anapiga pasi mashati mwenyewe, pasi ya mkaa. Sukari imemkondesha, shingo inacheza ndani ya kola.

"Shikamoo, Injinia."

"Marahaba, Mama Zuhura. Karibu kiti. Nasafiri Jumatano, ndiyo unanikuta na mashati."

"Unakwenda kufundisha?"

"Malawi. Watu wa umeme."

Nikaweka karatasi juu ya meza, pembeni ya mashati. "Nimekuja kwa ajili ya Gaspari. Anarudishwa Burundi kwa sababu ya ile stoo. Wanataka barua yako, mstari mmoja tu, kwamba ufunguo ulikuwa nao wewe."

Akaendelea kupiga pasi. "Mambo ya zamani hayo."

"Zambia umeyasema juzi."

Pasi ikasimama. "Nani kakwambia?"

"Mwanafunzi wako. Kasema walilia wote."

Akaiweka pasi kwenye kigae, akakaa. Hakukana, hilo nampa. "Kule ni darasa," akasema. "Watu wanahitaji mfano wa kweli. Na ukisema kosa lako kule unaonekana mtu mkubwa. Liseme hapa uone. Hapa nimedanganya kamati. Hapa wale watoto wawili wana wazazi, wana babu zao. Watanipigia makofi?"

"Na Gaspari je? Wanaolala kwenye nyumba yake ndio waliowaua ndugu zake. Unampeleka huko kwa sababu ya makofi?"

"Mimi simpeleki mtu popote. Nina umri huu, Mama Zuhura. Kilichobaki ni jina."

Nilimwambia maneno. Nilimwita mnafiki, nikamwita muuza watu, nikamwambia mawese yake na mikoba yake na ndoo yake anavitumia kufunikia uoza. Mkewe alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi, na sikuona haya. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, anajua kusikiliza, ndiyo kazi yake. Nilipomaliza akaniuliza kwa sauti ile ile ya kufundishia.

"Ule ufunguo bandarini nani aliuokota?"

Nikazisogeza karatasi zangu pale mezani.

"Uliuokota wewe ukanipa. Kisha ukaulizwa mbele ya kamati, ukasema hukuuona. Mimi sikukuziba mdomo. Umekuja na karatasi nne. Hakuna hata moja yako?"

 Nilitaka kumrushia pasi. Kilichoniuma si kwamba amenigeuzia kibao, hiyo ni tabia yake. Kilichoniuma ni kwamba tangu pale ofisini, yule msichana aliposema au shahidi aliyeuona kwa macho yake, nilikuwa nimelisikia neno lile vizuri sana, na nilikuwa nimeongea haraka ili Gaspari asilisikie.

Nikavuta karatasi nikaandika hapo hapo mezani. Mkono mbaya, mistari imepinda. Na huyo mtu, wallahi, akasogea akaanza kunielekeza. "Andika kwamba ilikuwa bandarini, kabla ya kupanda meli, wataamini zaidi. Andika uzi mwekundu. Na jina langu liandike kamili, usiandike Injinia, hawatamjua ni nani." Akanitajia jina lake lote, la kwake na la baba yake na la babu yake, taratibu, nikaliandika.

"Basi tia saini na wewe hapa chini," nikamwambia.

"Hapana. Saini ni yako," akasema, akarudi kwenye mashati.

Kesho yake nilifika kambini kabla ya saa sita. Sikwenda ofisini kwanza. Nilikwenda kwenye meza ya redio, nikampa Gaspari barua aisome. Akavaa miwani yake iliyofungwa kwa waya. Esperansi alikuwa amekaa pembeni anachambua maharage, akauliza, "Ni barua ya Injinia?"

"Hapana," nikasema. "Ni yangu."

Gaspari aliisoma polepole, kama anavyofanya kila kitu. Alifika mwisho akarudi juu.

"Uliuokota wewe," akasema.

"Ndiyo."

"Siku ile ile. Kabla sijaipekua droo."

"Ndiyo, Gaspari."

"Na Jumapili zote zile nilipokuwa nazungumza habari za droo, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akavua miwani. Esperansi aliacha kuchambua maharage. Sikuombwa kukaa, wala sikuomba msamaha. Gaspari akaikunja barua kwa mikunjo yake ile ile, akanirudishia. "Ipeleke sasa hivi," akasema. "Ofisi inafungwa saa nane."

Niliipeleka. Nikaitwa nikaapishwa, nikarudia kila neno mbele ya maofisa, na wiki ile ile nikaachishwa kazi kwa kuidanganya kamati, na walikuwa na haki. Injinia waliandika tu kwamba ameshastaafu. Faili la Gaspari lilifunguliwa, na majina yao yakasomwa kwenye orodha ya watu wa kwenda mbali.

Siku ya basi nilikwenda kuwaaga na kuku wa njiani. Injinia alikuwa Malawi na watu wake wa umeme. Esperansi alimpokea kuku akanikumbatia, na binti akanikumbatia. Gaspari alikuwa wa mwisho. Alinipa mkono, akasema, "Asante, mama," akapanda basi.